Korodani Kutoshuka: Mzazi, Usingoje Mwana Abaleghe

Hapa kwetu Pwani, habari za sehemu za siri za mtoto huzungumzwa kwa kunong'ona. Lakini wazee walisema mficha uchi hazai, na hili la leo linagusa uzazi wenyewe.

Korodani za mtoto huumbika ndani ya tumbo lake, kisha hushuka mfukoni miezi ya mwisho ya mimba. Kwa takriban watoto 3 katika kila 100 waliotimiza miezi, moja au zote mbili huwa hazijafika. Waliozaliwa kabla ya wakati ni wengi zaidi. Nyingi hushuka zenyewe miezi ya mwanzo. Ikipita miezi 6, ni nadra kushuka, na kukanda wala dawa za miti hazisaidii.

Madaktari hupendekeza upasuaji ufanywe kabla mtoto hajapita mwaka mmoja, au miezi 18 akichelewa sana. Sababu ni joto: ndani ya mwili ni moto kuliko mfukoni, na joto hilo huharibu chembe zinazotengeneza mbegu za uzazi.

Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, akapasuliwa kidogo kwenye kinena. Korodani hufunguliwa ilikonasa, ikashushwa na kushonewa mfukoni. Kama kuna ngiri, nayo huzibwa papo hapo. Wengi hurudi nyumbani siku iyo hiyo. Isipopapasika kabisa, daktari huitafuta tumboni kwa kamera ndogo.

Matokeo ni ya kutia moyo. Iliyokuwa kinenani hukaa mahali pake kwa watoto zaidi ya 9 katika 10. Mara chache hupanda tena au husinyaa, ndiyo maana miadi ya kurudi kliniki isikosekane. Aliyekuwa na tatizo upande mmoja huja kuzaa karibu sawa na wenziwe. Wa pande mbili hupungukiwa zaidi.

Kuna saratani pia. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2007, wa wanaume karibu 17,000 waliofanyiwa upasuaji huu, ulionyesha kuwa waliopasuliwa kabla ya miaka 13 walikuwa na hatari kama mara 2 ya watu wengine. Waliopasuliwa baadaye, zaidi ya mara 5. Hatari haiishi kabisa, basi kijana afunzwe kujipapasa na akiona uvimbe aseme.

Nawakumbusha mambo mawili. Kwanza, mchunguze mwanao akiwa kwenye maji ya vuguvugu. Korodani inayopanda kwa baridi na kushuka kwa joto kwa kawaida haihitaji kisu, ila daktari aikague kila mwaka. Pili, kabla ya tohara, angalia: kama mfuko ni mtupu na tundu la mkojo haliko kwenye ncha, msimtahiri kwanza. Daktari huenda akaihitaji ngozi hiyo kumtengeneza. Na mtoto mchanga asiyepapasika hata moja apelekwe hospitali mara moja, asingoje miezi 6.

Kwangu mimi, haya ya mzazi isiwe hasara ya mtoto.