Engaruka: Makao Yaliyoachwa na Maji

Historia ya nchi yetu ina miji kadhaa iliyofifia. Ujiji, ulioneemeka kwa misafara, ulipungukiwa na shughuli baada ya reli ya kati kufika Kigoma mwaka 1914. Lakini chini ya nyanda za juu za Ngorongoro yapo makao makubwa yaliyokufa zamani kabla ya reli: Engaruka.

Engaruka iko mashariki ya milima hiyo, pale ukingo wa Bonde la Ufa unapokutana na uwanda mkavu. Tangu karne ya 15 hivi wakulima walijenga hapo vijiji juu ya matuta yaliyoshikwa na kuta za mawe matupu. Kwa kuwa mvua ni haba, walichimba mifereji iliyoleta maji ya vijito vya mlimani katika mashamba yaliyoenea kiasi cha kilomita 20 za mraba. Walilima mtama, wakafuga ng'ombe zizini, na samadi ikarutubisha udongo.

Mfereji unaopita mashamba ya wengi hutaka zamu, usafishaji na waamuzi wa magomvi. Basi mawe yale yanatueleza habari za utawala, ijapokuwa hatuna jina la kiongozi hata mmoja. Ni jawabu tosha kwa wale waliodai kuwa bara letu lilingoja wageni ili lijue ufundi.

Kwa nini basi wenyeji walihama, katika karne ya 18 hivi? Wako waliotaja kuenea kwa Wamaasai. Lakini mtaalamu J. E. G. Sutton alitilia mkazo sababu ya ndani: vijito vilipungua, na udongo uliolimwa mfululizo ukachoka. Watu waliotegemea mifereji peke yake hawakuwa na njia ya pili.

Wazao wao ni nani? Wengine huwataja Wasonjo, ambao wamedumisha kilimo cha mifereji. Wengine Wairaqw wa Mbulu na Karatu, mabingwa wa samadi. Ubishi huo haujamalizika.

Yafaa mwalimu wa Karatu awapeleke wanafunzi Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, wakaone vitunguu vikinyweshwa kwa chemchemi zinazolishwa na nyanda zile zile. Wawaulize wakulima zamu hupangwaje, na chemchemi zinalindwaje. Maswali hayo ndiyo waliyoyakabili watu wa Engaruka.