Nani Anashika Kalamu? Fomu za Kazi Lubumbashi, Tangu Enzi za Posho

Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka huohuo ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandikisha wafanyakazi. Kampuni ya Union Minière, iliyozaliwa mwaka 1906, ilikuwa inajiandaa kuyeyusha shaba yake ya kwanza mwaka 1911, lakini karibu na migodi hapakuwa na watu wa kutosha kwa kazi hiyo. Watu wakatafutwa Rhodesia ya Kaskazini, Lomami na Kasai, na baadaye Ruanda-Urundi. Kila aliyefika alisimama mbele ya meza. Karani aliuliza jina, kijiji na chifu, kisha akaandika. Mwenye jina hakushika kalamu.

Jambo hilo linastahili kufuatiliwa, kwa sababu limedumu kuliko kampuni, serikali na hata jina la mji wenyewe. Karatasi yenye nafasi tupu imekuwa ikipita mikononi mwa watu wa Lubumbashi kwa zaidi ya miaka mia moja, na mara nyingi ni mtu mwingine aliyeijaza.

Chini ya utawala wa Wabelgiji, Mkongomani aliyetaka kuhama wilaya yake alihitaji cheti cha ruhusa, na aliyekaa mjini alihitaji buku lake la kitambulisho. Nchini Kenya nako watu waliishi na kipande, kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuvaliwa shingoni ndani ya kibati. Katanga ilikuwa na njia yake. Huko kampuni yenyewe ilitaka kumjua mfanyakazi kwa undani ambao serikali haikuufikia.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha kutegemea vibarua wa miezi michache. Ilianza kuwapa watu mikataba ya miaka mitatu na kuwaruhusu waje na wake zao, ili wazoee kambi na wazae huko. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia idara ya wafanyakazi Waafrika, ndiye aliyeupa mpango huo sura yake. Hapo fomu ikapata nguvu mpya. Kila mfanyakazi alikuwa na namba yake, na chini ya namba hiyo waliandikwa mke na watoto, maana posho ya unga, nyama na chumvi ilipimwa kwa kuangalia ukubwa wa familia. Zahanati na shule za kambi nazo ziliwahesabu watoto walewale.

Lakini kampuni ilitambua mke mmoja tu. Mpwa aliyekuja kusoma, mama mzee aliyefuata mwanawe mjini, mke wa pili aliyebaki kijijini: hao wote walikuwa ndugu wa mtu bila kuwa na mahali katika karatasi yake. Asiye na mstari hakuwa na kipimo cha unga. Chungu kilekile kililazimika kuwalisha walioandikwa na wasioandikwa. Aliyechora mistari ile alikuwa ameshaamua familia ni nini kabla karani hajauliza swali la kwanza, na uamuzi huo ulikuwa mzito kuliko jibu lolote lililoandikwa baadaye.

Fomu hizo hazikuwa na nafasi ya malalamiko. Desemba 1941, wafanyakazi walipogoma wakidai mishahara inayolingana na bei za wakati wa vita, walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa kampuni, na askari wakawafyatulia risasi. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, aliuawa pale.

Mwaka 1965 kalamu ilihamia mkono mwingine kwa namna ya pekee. André Yav, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu, alitunga historia ya mji katika Kiswahili cha Katanga, ikapigwa chapa kwa niaba ya chama cha wafanyakazi wa nyumbani wa zamani. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha kwa wasomaji wa dunia mwaka 1990. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ile ndiyo karatasi yenye thamani kubwa kuliko zote zilizotoka katika maandishi ya kazi ya Lubumbashi: walioandikwa miaka yote ndio waliochagua maswali.

Union Minière ilitaifishwa Januari 1967, na hatimaye ikawa Gécamines. Namba za wafanyakazi ziliendelea, na shule na hospitali zikaendelea. Kampuni ilipoanguka, ikaja karatasi ya mwisho. Mwaka 2003 na 2004, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 walitia sahihi na kuaga. Wengi walikuja kulalamika kwamba hesabu ya malipo yao haikufuata haki za miaka yao ya kazi, na kilio chao kikafika hadi Benki ya Dunia yenyewe. Safari hii mwenye jina alishika kalamu, ila kwa sahihi tu. Hesabu ilikuwa imefanywa na wengine.

Baada ya karatasi ikaja kompyuta, iliyowafikia wananchi wengi wa Kongo kupitia uchaguzi. Nchi ilikuwa haijafanya sensa tangu mwaka 1984, na vitambulisho vya zamani vilikuwa vimechakaa. Mwaka 2005 tume ya uchaguzi ilisambaza kompyuta ndogo, kamera na vifaa vya kusoma alama za vidole, ikaandikisha watu zaidi ya milioni 25 nchi nzima. Mtu aliketi, akajibu, akapigwa picha, na kadi ikatoka palepale. Kadi hiyo ya mpiga kura ndiyo iliyogeuka kitambulisho cha kila siku, benki na barabarani.

Wakati huo fomu ya kujaza kwenye kioo ilikuwa na umri wake tayari. Faili za PDF zilianza mwaka 1993 na kupata nafasi za kujazwa mwaka 1996. Kwa nchi zenye intaneti ya kukatikakatika, hatua kubwa zaidi ilikuwa Open Data Kit, programu iliyoanzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington. Juu ya msingi wake ikajengwa KoboToolbox, iliyotokana na kazi ya Patrick Vinck na Phuong Pham, watafiti waliohoji watu kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo. Fomu inakaa ndani ya simu, inajazwa bila mtandao, kisha inatumwa mtandao ukirudi. Inaruka swali la ujauzito anapohojiwa mwanaume. Inakataa umri wa miaka 300.

Leo zana kama hizo zimeingia katika ofisi za Haut-Katanga, mkoa wenye Lubumbashi. Takwimu za maeneo 27 ya afya ya mkoa huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Mpakani Kasumbalesa, shehena za malori hutangazwa kwa forodha kupitia Sydonia, mfumo wa Umoja wa Mataifa. Na mjini, karibu na ofisi za serikali, vijana wenye kompyuta na mashine ya fotokopi huwachapia watu maombi yao kwa malipo. Mwenye shida husimama nyuma ya kiti, akitaja tarehe yake ya kuzaliwa, huku mwingine akibonyeza. Kazi hiyo ni ya heshima, na bila vijana hao wengi wangekwama. Ila mpangilio ni uleule wa meza ya 1910, na sababu moja kubwa ni kwamba fomu za serikali huandikwa Kifaransa, huku nyumbani na sokoni watu wakisema Kiswahili.

Kikwazo hicho kinaondoleka. Fomu ya Kobo huweza kutungwa katika jedwali la kawaida, lenye safu moja ya maswali. Mtungaji akiongeza safu ya pili yenye maswali yaleyale kwa Kiswahili, simu humwachia anayejaza achague lugha, na majibu yote huingia katika hesabu moja. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, kwa hiyo hakuna ofisi inayohitaji kusubiri ruhusa mpya. Ofisi zinazotunga fomu za afya, shule na ajira Lubumbashi zianze na safu hiyo, tena kwa Kiswahili kinachosemwa katika mitaa ya mji huo, kama Kenya, Katuba na Ruashi, na ziwaulize wakazi wa mitaa hiyo ni maswali gani yanakosekana.