Mwalimu wa Kiingereza Kutoka Unguja Katika Skuli za Oman

Kila inapoandikwa taarikh ya elimu ya Oman, huanzwa na hesabu tuliyoizowea: mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli 3 za serikali, na wanafunzi wasiotimia 1,000, wote wavulana. Tarehe 23 Julai ya mwaka huo Sultan Qaboos bin Said alishika utawala, akawaita Waomani waliotawanyika nje warudi kuijenga nchi. Waliorudi kutoka Afrika ya Mashariki, pamoja na waliohajiri Misri, Ghuba na Uingereza baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, wengi wao walikuja na kitu kilichokuwa adimu: Kiingereza cha skuli. Baadhi yao wakawa walimu, na habari zao zinastahiki kuandikwa.

Walimu wengi wa siku zile waliletwa kutoka Misri, Jordan na Sudan. Hao walijulikana kuwa ni wageni, na mgeni akikosea ada husamehewa. Mwalimu wetu wa Unguja hali yake ilikuwa nyengine. Kabila lake ni la Ibra au la Nizwa, na babu wa babu yake amezikwa hapo. Kwa hivyo alitazamiwa ajue kila jambo. Kiarabu chake kikijikwaa tu, huitwa Zinjibari. Unguja alikuwa Mwarabu. Kwao akawa mtu wa Afrika.

Somo lake la kwanza lilikuwa katika sabla, kabla ya darasani. Huko bara, mgeni huanza kwa tende na kahawa. Akitosheka hukitikisa kikombe, na asipokitikisa ataendelea kumiminiwa. Kisha huulizwa habari kwa utaratibu wake, na jibu la mwanzo ni kuwa hapana ila kheri, hata kama amekuja na msiba. Kwa aliyezowea mazungumzo ya baraza ya Mji Mkongwe, ambapo watu hutaniana kabla hata ya kukaa, haya yalitaka subira. Lakini mzee anayemtazama mwalimu akipokea kikombe ndiye baba wa mtoto atakayekaa mbele yake kesho. Akiridhika naye hapo, mtoto huja skuli.

Darasani nako kulikuwa na ya kujifunza. Mwalimu aliyesomeshwa kwa Kiswahili alikuja na tahadhari za watoto wa Kiswahili. Sisi tuna neno "yeye" kwa mume na mke, kwa hivyo mtoto wa Unguja huchanganya "he" na "she". Mtoto wa Oman hachanganyi watu. Yeye hulita jua "she", kwa kuwa jua kwa Kiarabu ni la kike. Mtoto wa Unguja humalizia maneno kwa irabu, lakini herufi "p" haimtaabishi. Wa Oman huigeuza "b", na "v" akaifanya "f". Tena Kiarabu hakina "ni" yetu katika sentensi nyepesi, na mtoto huiacha "is" bila ya kujua kuwa ameacha kitu. Hata maneno tuliyoyadhani ni mamoja yalihitaji hadhari: "hadithi" kwetu ni kisa cha paukwa pakawa, na kwa mtoto wa Kiarabu neno hilo humpeleka kwenye maneno ya Mtume (S.A.W.). Mwalimu hodari alikuwa yule aliyekaa akayasikiliza makosa mapya, akatengeneza somo lake upya.

Wanawake walibeba mzigo mkubwa zaidi. Unguja ilikuwa na skuli ya serikali ya wasichana tangu 1927, na matunda yake yalihitajiwa Oman zilipofunguliwa skuli za wasichana. Mwalimu wa kike ilimbidi awe na kahawa ya asubuhi kwa majirani, aijue heshima ya kila nyumba, na awatulize akina mama kuwa Kiingereza hakitamtoa binti yao katika dini. Hilo halikuandikwa katika mkataba wa kazi yoyote.

Wapo wanaosema kuwa watu hawa walijigeuza. Sisi hatuoni hivyo. Walivaa dishdasha na kilemba, wakasahihisha Kiarabu chao, na jioni wakazungumza Kiswahili majumbani mwao. Walichokiacha ni kule kudhani kuwa anayejua lugha ya kigeni amekwisha kujua vyote.

Leo Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofunguliwa 1986, kina walimu wa Kiingereza wa Kiomani, na tangu mageuzi ya 1998 mtoto alianza kusomeshwa lugha hiyo darasa la kwanza. Wengi hawajui nani aliyewasomesha wazee wao herufi "p". Walimu wale wanatutoka mmoja mmoja. Aliye na daftari la mafunzo, barua ya ajira, picha ya darasa au mzee anayekumbuka, asingoje mazishi ndipo ayaulize.