Kuta za Wazee Wetu: Habari ya Udongo, Joto na Unyevu



Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Unguja na Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Kutoka huko dini na lugha yetu vilienea katika pwani hizi za Tanganyika. Pamoja navyo ulikuja ujuzi wa kujenga.

Kule baharini waashi walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Huku ziwani matumbawe hakuna, basi wazee walishika udongo. Stanley alipokutana na Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, aliandika kwamba walikaa juu ya baraza ya udongo, chini ya upenu mpana. Wala jambo hili si la kuonewa haya, kwani msikiti wa Mtume (s.a.w.) huko Madina ulijengwa kwa matofali ya udongo, nguzo zake magogo ya mitende na paa lake makuti.

Udongo una tabia mbili. Ya kwanza ni juu ya joto. Ukuta wenye unene wa sentimita 30 hulichelewesha joto la jua kwa saa 8 hadi 10. Adhuhuri chumba ni baridi, na joto huingia usiku. Ndiyo sababu wazee walifungua madirisha usiku, na baada ya Isha wakazungumza barazani. Bati halina subira hiyo: jua likichomoza tu, joto limekwisha ingia, na alfajiri ya baridi hutoa jasho na kudondosha matone.

Tabia ya pili ni juu ya unyevu. Udongo, kadhalika chokaa, hunywa maji na kuyatoa tena kwa hewa. Ukuta huo hauharibiki kwa kunywa maji kidogo, bali kwa kuzuiliwa kuyatoa.

Elimu ya leo yakubaliana na wazee. Katika miaka ya 1958 na 1959 Mjerumani Helmut Glaser alitoa njia ya kupiga hesabu ya mvuke upitao ukutani. Na siku hizi kompyuta huhesabu joto na unyevu wa nyumba saa kwa saa, kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Basi, ndugu, nina neno moja la nasaha. Twaona watu wakipaka saruji juu ya kiambaza cha zamani, wakidhani wamekitia nguvu. Saruji ni ngumu na udongo ni laini, haviendi pamoja. Saruji hupasuka, mvua huingia katika nyufa, na maji ya ardhini hupanda kwa chini. Yakiisha kuingia hayana njia ya kutoka. Nje ukuta wang'aa, ndani unaoza, na siku moja huanguka ghafula juu ya watoto waliolala.

Sisemi saruji ni mbaya. Mahali pake ni katika nyumba za matofali ya saruji na katika misingi. Lakini nyumba ya udongo ipewe msingi wa mawe, upenu mpana, mfereji wa kuondoa maji ya mvua, na ikandikwe kwa udongo au chokaa. Kazi hiyo hurudiwa baada ya masika kadhaa, nayo haina gharama kubwa. Kizito ni uvivu wetu tu.

Wazee walituachia nyumba na maarifa yake. Tusirithi nyumba tukayatupa maarifa.

Wabillahi tawfiq.