Istilahi za Uzazi Tabora: Kutoka Njia ya Misafara Hadi Kliniki

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya istilahi chache za uzazi zitumikazo Tabora, na kuonyesha kwamba mojawapo, yaani kifafa cha mimba, yahitaji hadhari kubwa ya wafasiri na walimu.

Burton na Speke walipofika Kaze mnamo Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wamekwisha kufanya makao. Wapagazi wengi wa misafara iliyokwenda na kurudi pwani walikuwa Wanyamwezi. Wanawake nao walisafiri, wakichukua vyombo vya kupikia na watoto migongoni. Kwa hiyo Kiswahili kilichofika Unyanyembe hakikuwa lugha ya pembe na nguo tu. Kilikuwa pia lugha ya watu wenye jamaa zao. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, njia ya miguu ilififia, lakini lugha ilibaki.

Miongoni mwa maneno ya pwani ni mkunga. Neno hili lina ujirani na kunga, yaani mambo ya siri yanayofundishwa. Methali yasema: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mkunga wa zamani alikuwa mzalishaji na mwalimu pia. Siku hizi neno hilo lina maana ya kitaalamu, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelithibitisha. Yule mama wa kijijini ameongezewa sifa, akaitwa mkunga wa jadi. Hapa lugha imefanya kazi njema: imetenganisha kazi mbili bila kumvunjia mtu heshima.

Kifafa cha mimba hakina bahati hiyo. Neno kifafa lilikuwapo kabla, nalo hutaja ugonjwa wa kuanguka, ambao wengi wameunasibisha na mashetani au uchawi. Mama mjamzito akishikwa na mitukutiko, jina hilo laweza kuwaelekeza jamaa zake kwa mganga wa kienyeji, ilhali kila saa ina thamani. Tena jina hutaja mwisho wa ugonjwa tu. Kabla ya kuanguka, mara nyingi shinikizo la damu huwa limekwisha kupanda. Huenda mama akaumwa sana na kichwa, akaona maluweluwe, au akavimba uso na mikono. Mwingine hahisi lolote, na hali yake hujulikana kwa kupimwa shinikizo la damu na mkojo kliniki. Hatari yenyewe haishi kwa kujifungua. Mitukutiko yaweza kutokea hata baadaye.

Kasoro hii si ya Kiswahili peke yake. Jina la Kigiriki la ugonjwa huo lina maana ya mmweko wa ghafula, na waganga wa Ulaya walilazimika kuliongezea kiambishi ili kutaja hali itangulialo degedege lenyewe.

Jambo hili si dogo. Tafiti za taifa zilikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na 104 mwaka 2022. Katika muda huo, uzazi katika vituo vya afya ulipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Ni maendeleo makubwa, lakini mama wa mjini karibu na Hospitali ya Kitete hana safari sawa na mwenzake wa vijiji vya Sikonge au Kaliua. Aliye mbali ndiye ahitajiye zaidi neno litakalomwondoa nyumbani mapema.

Twapendekeza, basi, kifafa cha mimba kibaki kuwa jina la mitukutiko tu, na hali ya awali iitwe shinikizo la damu la ujauzito. Pawapo mabango na masomo, dalili zitajwe kwanza, jina lifuate. Aidha, anayefasiri kwa ajili ya Unyamwezi awaulize wakunga wa jadi jinsi wasikilizaji wao wanavyolielewa neno kabla ya kulipiga chapa. Istilahi njema ni ile inayomfikisha mama kituoni akiwa bado anatembea kwa miguu yake.