Oscar De Priest: Mpaka Rangi Aliyeingia Barazani

Katika mazungumzo yetu ya leo twasimulia maisha ya Oscar De Priest, mfanya biashara wa Marekani aliyepata kuwa mtunga sheria.

Alizaliwa mwaka 1871 katika mji wa Florence, jimbo la Alabama. Wazazi wake walipata kuwa watumwa. Mwaka 1878 jamaa yake ilihamia Kansas, kwa kuwa huko kusini watu weusi walikuwa wakitishwa na kuuawa. Hata mwaka 1889 kijana huyu akaenda Chicago, akafanya kazi ya kupaka nyumba rangi. Kisha akaingia katika biashara ya nyumba na viwanja, akatajirika.

Siku zile watu weusi wengi walikuwa wakihamia Chicago. Kila aliyefika alitaka nyumba, na kila aliyekaa alikuwa na kura. De Priest aliyatambua yote mawili. Mwaka 1915 akawa mtu mweusi wa kwanza katika baraza la mji. Mwaka 1917 alishitakiwa kwa rushwa, lakini mahakama haikumtia hatiani.

Mwaka 1928 alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi huko Washington. Tangu mwaka 1901 hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja barazani humo, maana majimbo ya kusini yalikuwa yamewanyima kura kwa hila za sheria.

Mwaka 1933, serikali ilipoanzisha makambi ya kazi kwa vijana, yeye ndiye aliyetia katika sheria maneno ya kukataza ubaguzi wa rangi na dini. Hata hivyo makambi mengi yaliendelea kuwatenga watu. Mwaka 1934 karani wake alikataliwa chakula katika mkahawa wa baraza lenyewe. De Priest akakusanya sahihi 145 za wajumbe ili jambo lichunguzwe. Lakini halmashauri ya watu watano ikaamua, watatu kwa wawili, mambo yabaki vile vile.

Mwaka huo huo akashindwa katika uchaguzi. Ulikuwa wakati wa dhiki kuu, naye alipinga misaada ya serikali kuu kwa maskini. Basi wengi wa wale aliowatetea wakampa kura Arthur Mitchell, mtu mweusi pia. Alifariki mwaka 1951.

Nasi twaona ya kuwa mlango aliofungua haukufungwa tena: tangu yeye, watu wa Chicago ya kusini hawakukosa kumpeleka mtu mweusi Washington.