Mwenzi ni Nani? Historia ya Mzizi Mmoja wa Kilatini katika Kiingereza

Miongoni mwa koo kubwa za maneno ya Kiingereza, umo ule uliozaliwa na neno la Kilatini "socius", maana yake mwenzi au mshirika. Wanaisimu hulihusisha na kitenzi "sequi", yaani kufuata. Kwa asili yake, basi, mwenzi ni yule anayefuatana na mwingine njiani. Historia ya ukoo huu yaonyesha kwamba maana yake ilikuwa ikibishaniwa kila lilipozuka swali moja: ni nani ahesabiwe kuwa mwenzi?

Swali hilo lilimwaga damu mapema. Warumi waliyaita mataifa ya Italia yaliyofungamana nao "socii", wenzi. Wenzi hao walitoa nusu ya majeshi ya Roma au zaidi, lakini walinyimwa uraia. Mwaka 91 K.K. waliasi. Mwaka uliofuata, sheria iitwayo Lex Julia iliwapa uraia wale waliobaki waaminifu. Waingereza huita vita hivyo "Social War". Anayetafsiri "vita vya kijamii" amepotea: ni vita vya washirika.

Kiingereza kilipokea sehemu kubwa ya ukoo huu kwa njia ya Kifaransa. Katika karne ya 16 "society" lilimaanisha kwanza usuhuba, yaani kuwa pamoja na wengine, kisha chama, hatimaye watu wote waishio chini ya utaratibu mmoja. Viambishi navyo vilifanya kazi yao: "associate" ni kujiunga na mwenzi, "dissociate" ni kujitenga naye, "sociable" ni mtu mchangamfu apendaye wenzake.

Vyama vilivyojiita kwa jina hilo havikufanana. Royal Society, iliyoanzishwa London mwaka 1660, ilikusanya wataalamu wa sayansi. Mwaka 1787, katika mji huo huo, watu 12 waliunda "society" ya kukomesha biashara ya watumwa. Hapo swali la kale lilirudi, kwani mtumwa naye alidaiwa kuwa mwenzi. Kutoka mzizi huo lilitokea pia "socialist", lililochapishwa London mwaka 1827 katika mazingira ya wafuasi wa Robert Owen. Mwaka 1839 Mfaransa Auguste Comte aliunganisha mzizi wa Kilatini na tamati ya Kigiriki, akapata jina la elimu ya jamii, ambalo Kiingereza kilililipokea kuwa "sociology".

Kiswahili kimegawa mzigo huo. Kwa maana ya watu wote kinatumia "jamii", kutoka mzizi wa Kiarabu wa kukusanya. Kwa maana ya kazi au mali ya pamoja kinatumia "shirika", kutoka mzizi wa kugawana. Hivyo "Société" iliyo katika jina la SNCC mjini Lubumbashi hufasiriwa shirika, wala si jamii. Naye Julius Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962, aliita siasa yake "ujamaa", akichukua neno la ndugu wa ukoo. Kilatini kilianza na msafiri anayefuatana na mwenziwe. Kiswahili kilianza na jamaa wa nyumbani. Kwa hiyo mfasiri asiridhike kulinganisha kamusi tu, bali apime ni nani aliyeingizwa ndani ya neno, na ni nani aliyeachwa nje.